BRZ haina turbo, na 86 ni pacha wake

Kijana aliyeingia na BRZ yake gereji kwangu Mwanakwerekwe, Unguja, juzi alianza na maneno yale yale: "Ami, BRZ lazima aipige 86. Ile Subaru bwana, ina turbo na inavuta tairi zote nne." BRZ ni gari ya michezo ya Subaru, 86 ni ya Toyota. Nimeyasikia haya barazani, nimeyasikia kwenye simu, nimechoka. Naandika mara moja, atakayefuata nimtumie asome.

BRZ haina turbo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, wala haivuti mbele. Niliipandisha jeki pua ya gari yake, nikamwambia azungushe tairi la mbele kwa mkono. Likazunguka bila kushikwa na kitu. Nikamulika tochi nyuma ya kitovu: mkono wa sasipensheni, mpira wa breki, waya wa ABS, basi. Shafti ya kuzungusha tairi haipo. Tukafungua boneti. Juu ya manifoldi, lile bomba la kuingizia hewa injini, upande mmoja pameandikwa TOYOTA D-4S, upande wa pili SUBARU BOXER. Kimya. Ukifungua 86 utayakuta maandishi hayo hayo, maana injini ni moja: FA20, silinda nne zilizolala, cc 1,998, farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika. Subaru katoa injini, Toyota kaleta mfumo wa kupuliza petroli, ndiyo hiyo D-4S, na gari zote mbili zimetoka kiwanda cha Subaru mkoa wa Gunma, Japani, tangu 2012.

Kijana akauliza: "Sasa mbona BRZ ilimwacha mwenzake wa 86 njia ya Fumba?" Kwa sababu moja gia ya mkono na nyingine otomatiki! Kwa hesabu za kiwanda, ya mkono inafika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.6, otomatiki 8.2. Nembo haimo humo. Tena injini hii inalegea kati ya mizunguko 3,500 na 4,500. Aliyezoea turbo hupandisha gia mapema, akaangukia shimo hilo hilo, na mwenzake anayengoja 7,000 keshaondoka.

Tofauti ya kweli ya zile za mwanzo ni springi, na hapa ndipo watu wanaponiudhi zaidi. BRZ ilipewa springi ngumu kidogo mbele na laini kidogo nyuma kuliko za 86. 86 kinyume chake. Mtu akisikia "ngumu" anaelewa "kasi". Sivyo! Gari ikilala kwenye kona, uzito unahamia tairi za nje, na upande wenye springi ngumu, mbele au nyuma, ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Tairi lake la nje linaelemewa, na upande huo ndio unaotangulia kuteleza. Ndiyo maana 86 hutupa mkia mapema, na BRZ husukuma pua nje kidogo kabla mkia haujacheza. Hakuna iliyo bora hapo. Ni tabia mbili. Na nikiri: nimeziendesha zote mbili hadi Paje na kurudi, shoki zao zimeshalegea, na siwezi kuapa kwamba nilichokihisi mgongoni ni springi za kiwanda.

Petroli nayo ina neno. Mgandamizo wa injini hii ni 12.5 kwa 1. Ukiitilia mafuta dhaifu inagonga, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu zinapungua.

Na ukilinganisha 86 ya zamani na BRZ ya 2021 unalinganisha umri. Mpya ina cc 2,387, na torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 250 inakuja kwenye 3,700, pale pale palipokuwa na shimo.

Kabla hajaondoka tulizisoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi zake. Za mbele 3122. Za nyuma 1814: wiki ya 18 ya mwaka 2014. Mpira umekuwa mgumu kama kwato, umepasuka nyufa kando ya ringi, na hizo za nyuma ndizo zinazosukuma gari. Nikamwambia, mwanangu, nenda kanunue mbili za 215/45 R17 leo hii, habari ya nani anampiga nani tutaizungumza ukirudi.