Mchujo wa ukuaji wa mtoto: maana yake na unavyofanywa

Uchunguzi wa mchujo ni upimaji mfupi unaofanyiwa watoto wote, hata wanaoonekana wazima kabisa, ili kuwapata wachache wanaofaa kuangaliwa kwa undani. Mchujo hautaji ugonjwa. Mtoto akinaswa, haijasemwa kwamba ana usonji au mtindio wa ubongo. Imesemwa tu kwamba apelekwe kwa mtaalamu. Wazazi wengi hutoka kliniki na machozi kwa kutojua tofauti hii. Wengine hutulia kupita kiasi: mtoto "alipita", basi hapimwi tena.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua watoto 1,000, tuseme 50 kati yao wana tatizo kweli. Kipimo kinachonasa 80 katika kila 100 wenye tatizo, na kuwaachilia 90 katika kila 100 wasio nalo, ni kipimo kizuri. Kitawanasa 40 na kuwakosa 10. Lakini kitawanasa pia wazima 95. Watakaotumwa mbele ni 135, na wenye tatizo hawafiki theluthi yao. Kwa wale 95, hofu ya mapema ni bure. Kwa wale 10 waliokoswa, tumaini pekee ni kupimwa tena.

Huangaliwa mambo manne: mwili mzima (kukaa, kutambaa, kutembea), mikono na vidole, lugha pamoja na kusikia, na jinsi mtoto anavyohusiana na watu. Kila hatua ina nafasi pana. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vinaonyesha watoto wazima wakianza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu hivi, kwa hiyo mtoto wa jirani aliyetembea na miezi 10 si kipimo cha wako. Cha kushtua ni shingo kutokaza kufikia miezi 4, kutokaa mwenyewe akiwa na miezi 9, kutotembea akiwa na miezi 18, au kutounganisha maneno mawili akitimiza miaka 2.

Yako mawili yasiyongoja tarehe ya kliniki. La kwanza ni mtoto kupoteza alichokuwa akikiweza, awe na umri wowote. La pili hupita bila kuonekana: mtoto ambaye hajafika mwaka kuchukua kila kitu kwa mkono mmoja tu. Nyumbani watasema atakuwa wa mkono wa kushoto. Ila katika umri huo mikono yote miwili hufanya kazi, na ule unaolala huenda ni dhaifu kwa sababu ubongo uliumia.

Kwa mama wa Nairobi, ziara ya miezi 9 ya chanjo ya surua na rubela ni nafasi nzuri sana, lakini mpangilio wake huharibu mengi. Mtoto apimwe kabla ya sindano, maana baada yake atalia na hakuna atakachoonyesha. Awe ameshiba na hana usingizi. Akae mapajani mwa mama, aondolewe shali na glavu, kisha awekewe kipande cha mkate laini, kidogo kama punje ya mahindi. Wa miezi 6 hukikomba kwa kiganja kizima. Wa miezi 9 au 10 huanza kukibana kwa kidole gumba na cha shahada. Halafu mtu achezeshe kayamba dogo pembeni ya sikio, nje ya macho ya mtoto, upande mmoja kisha wa pili. Asisimame mahali ambapo kivuli chake kitaonekana, la sivyo atakuwa anapima macho.

Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa kwa umri uliorekebishwa hadi afike miaka 2. Kama alitangulia kwa wiki 8, akiwa na miezi 9 apimwe kama wa miezi 7.

Maswali nayo yana namna yake. "Anaongea?" hujibiwa "ndiyo" na kila mzazi. Afadhali kuuliza: "Jana alipotaka maji, alifanyaje?" Na maneno yahesabiwe katika lugha zote anazosikia. Anayesema *maji* kwa Kiswahili na *cucu* kwa Kikuyu ana maneno mawili. Anayechelewa kuongea apimwe masikio kwanza, hata kama ni mvulana na shangazi anasema wavulana huchelewa.

Kosa jingine hutoka kwenye kipimo chenyewe. Mtoto wa nyumba ya mabati Mathare hajawahi kuona ngazi. Akishindwa kuzipanda, hilo halisemi lolote kuhusu miguu yake. Ndiyo maana kipimo cha Malawi, kilichochapishwa mwaka 2010 kikiwa na vipengele 136, kilijengwa kwa vitu ambavyo watoto wa kule wanavijua.

Mchujo usio na mahali pa kumpeleka mtoto ni kumtesa mzazi. Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, ina kituo chake. Kabla ya kutoka kliniki, hakikisha kijitabu cha mama na mtoto kimeandikwa mambo matatu: tarehe, kitu hasa alichoshindwa kufanya, na anakotumwa. "Mtoto amechelewa" haimsaidii mtaalamu. "Miezi 10, hakai bila kushikiliwa, mkono wa kulia haufunguki" inamwonyesha pa kuanzia.