Kwa nini ganzi hushindwa jino likiwa na usaha

Wagonjwa wanaokuja kwetu Kisumu shavu likiwa limevimba hulalamika kwamba wamedungwa ganzi na bado wanasikia uchungu. Wanasema kweli, na sababu iko kwenye neva.

Neva ikitulia, ndani ya utando wake kuna takriban milivolti -70 ukilinganisha na nje. Sodiamu imejaa nje, kama milimoli 145 kwa lita dhidi ya 12 ndani; potasiamu ni kinyume chake. Wanafunzi huipa sifa yote pampu inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, ilhali kazi yake kubwa ni kulinda tofauti hiyo ya viwango. Uhasi wenyewe hasa huletwa na potasiamu inayovuja kutoka ndani.

Neva ikichokozwa hadi karibu -55, milango ya sodiamu hufunguka kwa wingi, sodiamu humiminika ndani na volti hupanda hadi +30 hivi. Baada ya kama milisekunde moja milango hiyo hujifunga, na potasiamu ikitoka hali hurudi ilivyokuwa. Chaji iliyoingia huamsha kipande cha mbele cha neva. Cha nyuma bado hakiwezi kuamka, kwa hivyo mpigo huu wa umeme, ndio unaobeba uchungu, haurudi ulikotoka.

Lignokaini, dawa ya ganzi tunayodunga, huziba milango hiyo ya sodiamu, tena kwa upande wa ndani. Lazima kwanza ivuke utando wa mafuta, na molekuli zinazovuka ni zile zisizo na chaji. Kwenye pH (kipimo cha asidi) ya kawaida ya mwili, 7.4, hizo ni karibu robo ya dawa. Usaha huleta asidi, nayo huzipa molekuli chaji: pH ikishuka hadi 6.5, zisizo na chaji hubaki kama asilimia 4 tu. Isitoshe, damu nyingi mahali palipovimba huiondoa dawa upesi.

Kwa hivyo sikubaliani na kuongeza sindano palepale. Kila mililita ya lignokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20, na ikizidi kwenye damu huziba milango ya ubongo na moyo: masikio huvuma, kisha degedege. Kwa magego ya chini, dunga mbali na usaha, nyuma ya taya, pale neva inapoingia mfupani. Subiri dakika 5 hadi 10. Mdomo kufa ganzi hakutoshi. Jaribu jino lenyewe kwa kitu baridi kabla ya kuligusa. Na jipu lililoiva lipasuliwe, kwa sababu antibayotiki za kununua dukani haziutoi usaha.