"Mali ikiuzwa hairudishwi" haifuti waranti

Kwa miaka mingi wanunuzi wengi nchini Kenya wameamini kwamba maneno "mali ikiuzwa hairudishwi", yanayochapwa chini ya risiti, yanamaliza kila dai juu ya friji au blenda iliyoharibika. Sivyo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa amethibitisha ubora unaofaa wa bidhaa, na sharti linalojaribu kukanusha hilo ni batili. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi nyingine inayoongezwa juu ya haki hiyo, nayo kwa kawaida huhesabiwa tangu siku ya kununua. Kwa hiyo risiti ile ile inayowatisha watu ndiyo wanayopaswa kuitunza, tena waipige picha mapema, maana maandishi yake hufifia.