Umemkuta kobe wa maji karibu na nyumba? Usikimbilie ndoo

Simu nyingi tunazopigiwa ofisini kuhusu kobe wa maji baridi zinaanza hivi hivi, "nimemuokota bustanini alikuwa amepotea, nimemweka kwenye ndoo." Na mi swali langu huwa moja tu, ulimkuta wapi hasa na alikuwa anaelekea wapi? Maana wengi hawajapotea hata kidogo, ni majike yametoka majini kutafuta udongo wa kutagia, na kuna wanaotembea mita mia kadhaa mpaka wapate pahala penye jua ambapo maji hayafiki. Ukimkuta anachimba kwa miguu ya nyuma ametulia tuli, mwache, funga mbwa, watoto wasimzunguke, akimaliza atafukia shimo na kujiondokea zake.

Akiwa barabarani hapo ndo anakuhitaji, ila anza kuangalia magari kabla ya kobe. Mvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea hata kama wewe unaona maji yako nyuma yake, ukimrudisha alikotoka atageuka tu na kuingia barabarani tena. Mshike kwa mikono miwili, huku na huku kwenye gamba, katikati ya miguu ya mbele na ya nyuma, na umbebe chini chini maana wanarusha miguu kwa nguvu usiyoitegemea. Mkia usiuguse, ni mwendelezo wa uti wa mgongo ule. Wale wenye gamba laini wana shingo ndefu inayojikunja mpaka nyuma na wanang'ata kweli, hao watelezeshe taratibu juu ya koleo au ubao. Akikukojolea au akatoa harufu mbaya usikasirike, ndo silaha aliyonayo.

Sasa kuna wema mmoja unaotusumbua sana, mtu anambeba kobe kwa gari anampeleka mto "mzuri zaidi" mbali huko. Jamani, kobe anajua kwao, anajua pa kuotea jua na pa kujificha kiangazi, ukimhamisha anaweza kutangatanga akitafuta alikozoea, na anaweza kupeleka magonjwa kwa wenzake wa huko. Na kama ni wa kufugwa aliyetoroka, mfano yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, asili yake Marekani na yuko kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, huyo usimwachie mtoni kabisa, wapigie watu wa wanyamapori.

Gamba nalo watu wanadhani ni kama kofia. Ni mfupa hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, una damu na unahisi maumivu, kwa hiyo habari ya kupaka rangi au kutoboa tundu la kamba hapana. Likipasuka usitie gundi, wala usimrudishe majini maji yataingia kwenye kidonda. Mweke kwenye boksi lenye matundu na taulo lenye unyevu kidogo, pahala pa kimya na kivuli, usimlishe, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo. Hata akionekana kama amekufa mpeleke, moyo wa kobe unaweza kupiga polepole mno ukadhani umesimama.

Ukishamshika nawa mikono kwa sabuni, bakteria wa salmonela, wanaoumiza tumbo, wanakaa kwenye ngozi na gamba bila kobe mwenyewe kuonekana mgonjwa. Na sio kwenye sinki la jikoni.

Ukifukua mayai bahati mbaya wakati unalima, rudisha udongo taratibu kama ulivyoukuta. Usiyageuze, maana kijusi hujishika upande wa juu wa yai tangu siku za mwanzo, likigeuzwa linaweza kuharibika. Kama lazima uyaguse, chukua penseli, weka alama juu ya kila yai kabla hujalinyanyua, na hiyo alama ibaki juu mpaka mwisho.