Treni ya Iowa Interstate: yale tunayoambiana na ukweli wenyewe

Waswahili tuliopo Iowa City, Davenport, Moline mpaka Des Moines hapa Marekani wote tunaifahamu hii treni ya mizigo ya kampuni ya Iowa Interstate, inakata mji, inafunga barabara, inapiga honi usiku wa manane. Sasa kila tukikaa kwenye sherehe au kinyozi mtu ana stori yake kuihusu na nyingi si kweli kabisa, yani mtu anaongea kwa uhakika kama vile yeye ndo dereva wake. Wacha niziweke hapa, zile ninazozisikia mara nyingi.

"Reli ni ya serikali."

Hii naielewa inakotoka, wengi wetu tumekulia sehemu ambazo reli ni mali ya serikali, kama si TRC ni Kenya Railways, na waliotoka Lubumbashi wanaijua SNCC. Marekani si hivyo. Njia, ardhi chini ya njia, mataruma, kokoto, vichwa vya treni, karibu vyote ni mali ya kampuni binafsi, na kampuni inalipia kodi ile ardhi. Serikali ya Washington inakuja kwenye usalama (FRA) na kwenye mambo ya biashara (bodi moja inaitwa STB), ila haiendeshi treni ya mizigo hapa kwetu.

"Basi ni tawi la Union Pacific, ile kampuni kubwa ya reli."

Hapana pia. Iowa Interstate ni kampuni inayojitegemea, ofisi kuu iko Cedar Rapids. STB wanapanga makampuni kwa mapato: daraja la 1 ni yale majitu yanayoingiza karibu dola bilioni moja kwa mwaka kwenda juu, yamebaki sita tu, halafu daraja la 2 ambako iko Iowa Interstate, halafu la 3 ambako ndo wengi. Hizi ndogo zote kwa pamoja, shotilaini (yani reli fupi) na za kanda, ni karibu 600 na zinashika karibu asilimia 30 ya njia za mizigo nchi nzima. Sio kidogo hiyo.

Na imezaliwaje? Hapa ndo pazuri. Njia hii ilikuwa ya Rock Island, kampuni kubwa ya zamani, ikafilisika 1975 na ikasimamisha treni kabisa mwisho wa Machi 1980. Fikiria una kiwanda pembeni ya reli alafu reli inakufa. Kule Newton kulikuwa na Maytag, wale wa mashine za kufulia, na wao pamoja na wenye viwanda wengine wakaona tukikaa tunasubiri majitu yaje kutuokoa tutakwisha, wakachanga, wakanunua njia wenyewe, na 1984 Iowa Interstate ikaanza kutembea. Yani wateja ndo waliofufua reli. Baadaye ikaja kuwa chini ya Railroad Development Corporation (RDC) ya Pittsburgh, kampuni ambayo iliwahi kuwa na mkono mpaka kwenye reli za Malawi na njia ya Nacala kule Msumbiji, kwa hiyo Afrika wanaijua kuliko tunavyodhani.

"Inatembea polepole sababu vichwa vyao vibovu, vimenunuliwa kwa majitu kama mitumba."

Zipo shotilaini nyingi zinazotumia vichwa vya zamani sana, hilo sibishi. Ila Iowa Interstate tangu 2008 wamenunua ES44AC mpya za GE, kila moja nguvu farasi 4,400, aina ileile wanayotumia hao wakubwa. Moja namba 513 wameipaka rangi za Rock Island kwa heshima ya marehemu. Mwendo wa treni kinachouamua kwanza ni njia. FRA wameweka madaraja ya ubora wa njia, si yale ya makampuni: njia ya daraja la 1 treni ya mizigo haizidi maili 10 kwa saa, la 2 ni 25, la 3 ni 40. Kwa hiyo ukiona treni inajikokota mahali usimcheke dereva, angalia mataruma.

Na kutengeneza njia ndo kunakoziua hizi reli ndogo. Behewa la kisasa likijaa linafika pauni 286,000, kama tani 130, wakati njia nyingi za matawi na madaraja yake vilijengwa enzi za behewa jepesi zaidi. Ukishindwa kubeba behewa zito, mteja analazimika kupakia nusunusu, na akichoka anahamia kwenye malori. Ndo maana kuna ile nafuu ya kodi inaitwa 45G: kampuni ndogo ikitumia dola moja kukarabati njia inarudishiwa senti 40 kwenye kodi (mpaka 2022 zilikuwa 50), kwa kikomo kinachohesabiwa kwa maili, na Desemba 2020 ikafanywa ya kudumu. Wapo wanaosema ni kuwabeba wenye hela. Mimi naona barabara za malori nazo tunazilipia sote tu.

"Mabehewa yameandikwa majina tofauti, kwa hiyo kila siku inapita kampuni nyingine."

Hili kosa hata wenyeji wanalo. Soma zile herufi ubavuni mwa behewa: zikiishia na X maana yake mwenye behewa si kampuni ya reli, ni kiwanda au kampuni inayokodisha mabehewa. Yale matangi meusi marefu ya ethanoli ya mahindi karibu yote ni hivyo. Reli inavuta tu. Behewa halipakuliwi likibadilisha kampuni, linaunganishwa kwenye treni nyingine na safari inaendelea, leo linavutwa na Iowa Interstate keshokutwa liko CSX, mojawapo ya yale majitu, likielekea mashariki.

"Reli yao ni fupi, inaishia Illinois hapo."

Ukitazama ramani utakubali, ila ramani ya umiliki na ramani ya safari ni vitu viwili. Njia kuu inatoka Council Bluffs magharibi, inapita Des Moines, Newton, Iowa City, Davenport, inaingia Illinois mpaka Bureau, na kuna tawi la kwenda Peoria. Kutoka Bureau kwenda Joliet reli ni ya CSX, Joliet kwenda Blue Island nje kidogo ya Chicago ni ya Metra, wale wa treni za abiria, na Iowa Interstate wanapita kote huko kwa mkataba wa kutumia njia ya mwenzako. Daraja la Mississippi pale Davenport ni mali ya jeshi! Lilikamilika 1896, treni juu magari chini, na kipande chake kinazunguka kupisha meli. Karibu na hapo ndo lilikuwepo daraja la kwanza la reli kuvuka mto huo, 1856, meli ya Effie Afton ikaligonga muda mfupi tu baada ya kufunguliwa, kesi ikaenda mahakamani na mmoja wa mawakili wa upande wa reli alikuwa Abraham Lincoln, kabla hajawa rais.

Sasa mwisho mmoja, Council Bluffs, wanakutana na majitu matatu, Union Pacific, BNSF na CN, na mwisho mwingine wako mlangoni mwa Chicago ambako majitu yote yanafika. Kwa kampuni ndogo hiyo ndo mali kubwa, kuwa na zaidi ya mtu mmoja wa kumkabidhi mzigo. Shotilaini inayogusa jitu moja tu, bei anapanga huyo jitu.

"Wanachagua mzigo wanaoutaka." Kisheria hapana, reli ya mizigo ikiombwa usafiri kwa utaratibu unaoeleweka inatakiwa ibebe, hata kemikali ambazo wangefurahi kuzikataa.

"Dereva anapiga honi usiku kutukomoa." Ni sheria jamani, tangu 2005 iko nchi nzima: sekunde 15 mpaka 20 kabla ya pale reli inapokata barabara, ndefu mbili, fupi moja, ndefu moja. Mji ukitaka kimya unaomba eneo la kimya na unagharamia vizuizi vya ziada. Mlalamikie diwani.

"Mwakani tutapanda kwenda Chicago."

Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Oktoba 2010 serikali ya Washington ilitangaza dola milioni 230 kwa ajili ya treni ya abiria Chicago mpaka Iowa City kupitia Moline, sehemu yake ikiwa kwenye njia hiihii ya Iowa Interstate. Lakini njia ya mizigo kuifanya ya abiria inataka ishara, mataruma, na makubaliano na mwenye njia, alafu bunge la Iowa halikutaka kutoa mchango wake. Moline wao walijenga mpaka stesheni, hoteli iliyo ndani yake inapokea wageni, treni ndo haijafika.