Nukta nyekundu hufa kwanza

Ukikuta bango la ramani kwenye njia ya msituni, itafute nukta ya "Upo hapa". Mara nyingi huioni. Hakuna aliyeiiba, imeliwa na jua. Wino mwekundu hunyonya mwanga wa buluu na wa kijani, ambao una nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo inayouvunja. Mweusi, ambao aghalabu ni masizi tu, huvumilia miaka. Sisi mafundi tumezoea kutia wekundu pale pale mgeni anapopahitaji kuliko pote! Siku hizi nukta naichora nyeusi ndani ya duara jeupe.

Kosa langu kubwa, lakini, halikuwa la rangi. Niliwahi kuchora ramani ya njia ya mikokoni, kibla, yaani kaskazini, juu, kama tulivyofundishwa skuli. Nguzo zikachimbiwa mahali ambapo msomaji anaelekea kusini, basi kila kilichokuwa kulia kwenye ramani kikawa kushoto kwake. Nilisimama pembeni nikamtazama mama mmoja na wanawe wakilisoma vizuri kabisa, kidole juu ya mstari, kisha wakashika njia siyo. Nikawakimbilia. Tangu siku ile nasimama kwanza hapo hapo bango litakapokaa, ndipo nachora: kilicho mbele ya msomaji kinakaa juu, hata kama kibla itaangukia chini.

Maneno nayo yawe machache. Msomaji amesimama na mbu wanamla. Kwenye msitu wa Jozani, Unguja, anataka kujua kima punju yuko wapi na asimkaribie vipi. Kwenye msitu wa Ngezi, kule Pemba, atauliza popo wa Pemba. Na jina la Kiswahili litangulie, watoto wa skuli nao wanapita. Herufi kubwa tupu kuanzia juu hadi chini huchosha macho, ziache kwenye kichwa cha bango.

Usafi una wakati wake: masika ikiisha, maana kuvu imeshajaa. Usifute kwa kitambaa kikavu, vumbi la mawe ya matumbawe litakwaruza plastiki mpaka iwe kama macho yenye mtoto wa jicho. Mwagia maji kwanza, halafu sponji na sabuni ya vyombo. Misumari iwe isiyoshika kutu. Ile ya kawaida, kwa hewa yetu ya chumvi, hulia michirizi ya kahawia juu ya maandishi.

Na panga usilisahau. Nimeshaitwa zaidi ya mara moja kwenda kutazama bango "lililofutika", nikakuta limefunikwa na matawi tu.