Msimbo wazi si mlango wazi
"Programu ambayo kila mtu anauona msimbo wake, si watatuibia data?" Aliniuliza ofisa mmoja hapa Lindi, funguo za kabati la mafaili zikining'inia mkononi. Nikamwonyesha kufuli la kabati lenyewe: fundi yeyote anajua linavyofanya kazi ndani, ila ufunguo anao yeye. Programu huria ni hivyo hivyo. Kinachosomwa na wote ni msimbo, yaani maelekezo yanayoiendesha programu. Nywila na kumbukumbu za wananchi zinabaki kwenye seva. Na anayeuchokonoa msimbo kwake haigusi nakala yako.

Takwimu za zahanati zetu zinaingia DHIS2, programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo. Gendarmerie ya Ufaransa, askari kabisa hao, ilianza kuhamia Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, mwaka 2008.

Ya kuogopa ni ile nywila niliyoikuta imebandikwa kwenye skrini ya ofisa yule.